Vikapu vitatu vya petunia na maji ya munyu: kisa cha nyumba moja ya Mkomani

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, ghorofa mbili, na juu yake dari lililo wazi lenye kibanda cha makuti upande mmoja. Ipo mtaa wa Mkomani, Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili waliobeba mzigo hawapishani. Mwenye nyumba ni mama wa makamo anayeishi na binti yake na kupangisha vyumba viwili vya juu kwa wageni. Kaskazi, ule upepo wa kiangazi utokao kaskazini-mashariki, ilipoanza kuvuma alinunua vikapu vitatu vya maua ya kuning'iniza kwenye kitalu kimoja cha Malindi. Vikaja kwa basi mpaka Mokowe, vikavushwa kwa boti, vikafika mlangoni vikiwa vimejaa petunia za zambarau na nyeupe hata waya wa kikapu hauonekani. Kimoja kilitundikwa darini juu, kimoja kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, kikielekea kichochoroni, na cha tatu kiwandani, ule ua wa ndani karibu na jiko.

Februari haikwisha. Cha darini kilibaki vijiti. Cha dakani kilitoa matawi marefu, membamba, yasiyo na hata ua moja. Cha kiwandani kiligeuka manjano.

Mimi hushughulika na bustani za nyumba za mjini na za kijiji jirani cha Shela, na niliitwa kutazama. Kila mtu pale alikuwa na jawabu lake. Jirani alisema ni kijicho, kwa kuwa vikapu vilipofika nusu ya mtaa walisimama kuvitazama. Mkwe wa nyumba alisema mbolea haikutosha. Mgeni mmoja wa ghorofani alisema kitalu kiliuza miche dhaifu. Mama mwenyewe aliona ni kiu.

"Mwanangu, yatazame haya maua," akaniambia hata sijakaa. "Nayapa maji asubuhi, nayapa jioni. Sasa yataka nini zaidi?"

"Maji gani, mama?"

"Ya kisimani. Ya mfereji twayaweka ya kunywa na kupikia. Labda hicho cha kiwandani, hicho binti hukipa ya jikoni."

Jibu hilo lilitosha kunielekeza pa kuanzia, lakini vikapu vitatu vilikuwa vimekufa kwa namna tatu tofauti, na haifai kuvitibu vyote kwa dawa moja.

Cha darini

Jani linalokufa kwa kiu hulegea lote, likainama, na ukiliwahi kwa maji huinuka baada ya saa moja au mbili. Majani ya kikapu hiki hayakulegea. Yale ya chini, makongwe, yalikuwa yameungua kuanzia nchani na kufuata kingo, kahawia iliyokauka kabisa, huku katikati ya jani pakiwa bado na kijani. Na pale udongo unapokutana na makumbi ya nazi yaliyotandikwa ndani ya waya palikuwa na utando mweupe. Niliukwangua kwa ukucha nikaugusisha ulimini. Chumvi.

Mama alinionyesha kipimo chake: kopo moja asubuhi, kopo moja jioni. Niliingiza kidole udongoni. Juu palikuwa na unyevu, chini ya pingili mbili palikuwa pakavu. Hapo nikaomba sufuria, nikaiweka chini ya kikapu, nikamimina maji ya kisimani polepole, nikangoja, nikamimina tena mpaka yakaanza kutoka chini. Yaliyoingia juu yalikuwa na munyu wa kawaida wa visima vya mjini. Yaliyotoka chini yalikuwa yamegeuka rangi ya chai na chumvi yake ilizidi mara kadhaa ya ile iliyoingia. Binti akaonja, akatema, akamwita mama yake aonje. Sikuhitaji kueleza sana baada ya hapo.

Kinachotokea ni hiki. Mmea hunywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi udongoni. Jua na upepo nao huchukua maji na kuiacha chumvi. Kwenye shamba mvua huja ikaizamisha chini, mbali na mizizi. Kwenye kikapu kinachopewa kopo kopo, bila hata tone kutoka chini, chumvi haina pa kwenda. Tufanye hesabu kwa maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, kiwango ambacho mtu akiyanywa atasema yana munyu kidogo na kumaliza gilasi. Lita moja kwa siku, mwezi mmoja, ni gramu 30, vijiko vitano hivi vya chai. Kikapu cha waya cha upana wa sentimita 25, kama vile vya Malindi, hubeba udongo wa lita 4 tu, na udongo huo ukilowa vizuri una maji ya lita 2 hivi. Gramu 30 ndani ya lita 2 ni gramu 15 kwa lita. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Kwa hiyo petunia zile mwishoni mwa mwezi zilikuwa zikinyweshwa kitu kilichokaribia nusu ya bahari, na kila kopo la huruma lilizidisha.

Udongo ukiwa na chumvi kiasi hicho, mzizi unashindwa kuyavuta maji hata kama yapo. Mmea unaona kiu ndani ya unyevu. Mwenye maua anaona kiu, anaongeza maji yaleyale. Ndiyo maana nasema mama hakukosea alichokiona, alikosea kilichosababisha.

Visima vya mjini vina munyu kwa sababu ya kisiwa chenyewe. Mvua inayozama mchangani hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Karibu na ufuo tabaka hilo ni jembamba, na kisima kikitekwa sana munyu hupanda. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyonyonya mvua nyingi, na visima vya huko ndivyo tegemeo la mji kwa maji ya mfereji. Na mwezi wa pili, ambapo mvua haijaonekana kwa wiki nyingi na kaskazi inakausha kila kitu, kisima cha mjini huwa katika hali yake mbaya kuliko miezi yote. Vikapu vilinunuliwa kuanza maisha katika kipindi hichohicho.

Kuna jambo la pili lililoongeza chumvi, na hili watu hawalitarajii. Kikapu cha darini kilipowasili kilikuwa kimechanika, na makumbi ya kukitandika upya yalipatikana kwa mtu anayesokota kamba. Pwani yetu makumbi ya kamba huzikwa kwenye mchanga wa ufukweni, maji ya kujaa na kupwa yakayapitia mpaka nyama yake ioze na nyuzi zibaki. Kamba inayotoka hapo ni nzuri mno. Kwa mmea, zile nyuzi zimelowa bahari miezi kadhaa, na chumvi yake imeshikana nazo kiasi kwamba kuyasuuza mara moja hakuitoi yote.

Cha dakani na cha kiwandani

Cha dakani kina maelezo mafupi: kivuli. Petunia inataka jua la muda wa saa sita kwa siku, na kichochoro cha Mkomani kinapata jua pale tu linapokuwa utosini. Matawi yalirefuka yakitafuta mwanga. Mbolea ya mkwe ingeyarefusha zaidi.

Cha kiwandani kilinishughulisha zaidi. Kilipewa maji ya jikoni, kingo za majani hazikuungua, na manjano yake ilianzia kwenye majani machanga ya juu, mishipa ikibaki ya kijani na nafasi kati yake zikiwa zimepauka. Mmea ukikosa naitrojeni, majani makongwe ndiyo hutangulia kuwa manjano. Yakitangulia machanga kwa namna hii, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma; na chuma chenyewe huwa kipo, ila kimefungwa na chokaa. Nikauliza, nikaambiwa kuta za kiwanda zilipakwa chokaa upya baada ya vikapu kutundikwa, na fundi hakukishusha kile kikapu. Vipande vya chokaa vilikuwa bado vimelala juu ya udongo. Ongeza na maji yetu, ambayo yamepita kwenye matumbawe na yana chokaa yake tangu kisimani, na petunia ni katika mimea inayoonyesha mapema ikikosa chuma.

Kitalu nakiondolea lawama. Petunia ni mmea wenye asili ya Amerika Kusini unaopenda usiku wa baridi. Kwa watu wa Limuru unatoa maua miezi na miezi. Usiku wa Lamu wakati wa kaskazi hukaa kwenye nyuzi 24 au 25, na petunia ikikaa humo huchoka hata ikipewa maji ya mvua. Watu huinunua kwa sababu ndiyo iliyo kwenye picha za vikapu vya Ulaya. Picha hizo pia huonyesha kikapu kilichotandikwa mimea laini ya vinamasi vya nchi baridi, ambayo kwetu haipo na wala haina haja ya kuwepo, kwa kuwa tuna makumbi.

Kuanza upya

Tulikubaliana vikapu viwili badala ya vitatu, na kila kimoja kiwe kikubwa. Upana wa sentimita 35 badala ya 25 unaonekana ni tofauti ndogo dukani, lakini ujazo wake ni lita 11 badala ya 4, karibu mara tatu. Udongo zaidi unamaanisha maji ya kuvuka mchana, na chumvi yoyote inayoingia inatawanyika kwenye nafasi kubwa. Kama ningeruhusiwa kubadili kitu kimoja tu katika vikapu vya watu wa pwani, ningebadili hicho.

Uzito nao ukabadilika. Kikapu cha lita 11 kikishalowa kinafika kilo 10 na zaidi, na upepo ukikisukasuka kinavuta kuliko uzito wake. Ndoano ya zamani ya darini ilikuwa imepigiliwa kwenye lipu ya chokaa, nayo ilikwisha kulegea. Tuliondoka ukutani kabisa: kamba nene ilizungushwa kwenye boriti ya kibanda, mkoko mzima mzima, bila kutoboa chochote. Kuta za nje sikutaka hata kuzifikiria. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kupiga matundu hovyo kwenye uso wa nyumba kunaleta maswali ambayo kikapu cha maua hakistahili.

Makumbi yale ya kamba hatukuyatupa. Yalilowekwa kwenye maji ya mfereji, yakakamuliwa, yakalowekwa tena, mpaka maji ya kukamua yakawa hayana ladha. Kisha yakalala usiku mmoja kwenye ndoo ya lita 10 yenye kijiko kimoja cha mezani cha kalsiamu naitreti, mbolea inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kalsiamu huichukulia chumvi nafasi yake kwenye nyuzi, na chumvi inaachia. Asubuhi yakasuuzwa mara ya mwisho. Ni kazi, lakini ni ya mara moja kwa kikapu kizima.

Ndani ya makumbi, theluthi ya chini ya kikapu, tulitandika plastiki nene yenye matundu machache. Hiyo inazuia upepo kunyonya maji kupitia pembeni, maana kikapu cha waya kinakauka kwa pande zote wakati chungu cha plastiki kinakauka kwa juu tu.

Udongo wa shambani haufai humo. Ni mzito na hugandamana. Mchanganyiko wetu ulikuwa sehemu tano za unga wa makumbi ulioosheka vilevile, sehemu tatu za samadi ya punda, moja ya makaa yaliyopondwa vipande vidogo, na moja ya mchanga wa bara. Wa ufukweni hapana. Samadi ya punda Lamu haina bei, inaokotwa, ila iwe imeoza miezi kadhaa mpaka harufu ya zizi itoke, na inyeshewe au imwagiwe maji ikiwa bado kwenye lundo, kwa sababu samadi nayo ina chumvi zake. Punda pia hapondi mbegu zote anazokula. Samadi mbichi itakuoteshea nyasi katikati ya maua.

Maua ya darini: vinka na potulaka. Vinka ni mmea wa Madagaska, jirani yetu wa bahari hii hii, na joto, upepo na chumvi kidogo haviutishi. Maua yake makongwe hudondoka yenyewe, jambo linalompunguzia mtu kazi, wakati petunia inataka uyachume yaliyokauka kila mara. Una sumu ukiliwa, ingawa ndani yake ndimo zilimotoka dawa za kutibu saratani ya damu, vinkristini na vinblastini, kwa hiyo mbuzi na watoto wa kutafunatafuna wakae mbali. Potulaka ina majani manene yaliyojaa maji, maua yake hufunguka jua likipanda na kujifunga alasiri, na kwa ustahimilivu wa chumvi inaizidi vinka.

Ubavu wa kikapu ndio unaofanya kionekane kimejaa. Watu wengi hupanda juu tu, kisha wanangoja miezi matawi yateremke. Sisi tulijaza udongo mpaka theluthi, tukakata matundu kwenye makumbi, na kila mche mdogo wa vinka tuliufunga kichwa kwa kipande cha gazeti kilichoviringwa, tukausukuma kutoka ndani kwenda nje mpaka mizizi ikalala juu ya udongo na majani yakatokeza kwenye waya. Gazeti likavutwa, udongo ukaongezwa, raundi ya pili ikapandwa kwenye nafasi kati ya ile ya kwanza. Potulaka haikuhitaji hayo yote. Kipande cha tawi cha urefu wa kidole kinachomekwa, kinashika mizizi. Juu kabisa vinka tano, na udongo ukaishia sentimita 3 chini ya ukingo ili maji yapate pa kutuama kabla ya kuzama. Kikapu kilichojazwa mpaka juu humwaga maji pembeni, na mwenye kumwagilia hudhani kimeshiba.

Mama alisimama juu yetu muda wote huo. "Na harufu?" akauliza. "Kikapu kisicho na harufu ni pambo la hoteli."

Alitaka asmini. Asmini mizizi yake inataka kina, na ndani ya lita 11 pamoja na wenzake tisa ingesongwa; hiyo ilipewa chungu chake kikubwa kwenye pembe ya dari. Katikati ya kikapu tukapanda mrehani. Unapenda jua lilelile la vinka, unasimama juu ya maua na kukipa kikapu kichwa, na binti akitaka kusuka kikuba, kile kishada cha maua na majani ya harufu, anachuma hapohapo. Kuukata ncha mara kwa mara ndiko kunakoufanya utanuke, kwa hiyo vikuba vya binti ni faida kwa kikapu.

Cha kiwandani niliwaambia ukweli mapema: hakitakuwa na maua mengi, na anayetaka maua mengi kivulini anatafuta kuvunjika moyo. Kilipandwa mimea ya feni, koleusi za majani mekundu, na ule mmea wa kutambaa wenye michirizi ya fedha na zambarau. Uzuri wake ni wa majani. Kikipewa maji ya mfereji, yanakamuliwa ndimu moja kwa ndoo ya lita 20 kupunguza makali ya chokaa, na fundi akija tena na brashi kinashushwa.

Daka

Binti alikitetea kile cha dakani. Wageni hukipiga picha, akasema, na kingeweza kupandwa feni kama cha ndani. Kwa upande wa mmea alikuwa na haki.

Tatizo lilikuwa matone. Kikapu kinachomwagiliwa sawasawa lazima kitoe maji chini, na huo ndio moyo wa tiba yote. Kikining'inia juu ya kichochoro, maji yanayotoka yamepita kwenye samadi ya punda, na chini yake wanapita watu wenye kanzu na buibui wakielekea msikitini. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunaifuata, kinyesi cha mnyama ni najisi, na tone lake kwenye nguo ya sala si mzaha. Kumbe mzee mmoja wa mtaa alikwisha kulalamika kwa upole, na mama akadhani ni suala la kulowa tu. Alipolielewa vizuri, alikitoa kikapu siku ileile kabla ya Adhuhuri. Kisahani cha kukinga matone nacho nilikikataa, pale na kiwandani. Maji yaliyotuama kwenye kisahani ni nyumba ya mbu anayeng'ata mchana, na Lamu tunamjua: mwaka 2004 homa ya chikungunya iliukumba mji huu wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji kwenye vyombo ndani ya nyumba, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliipata. Wazee walitia samaki kwenye mabirika ya kuhifadhia maji ya nyumba hizi kwa sababu hiyohiyo. Kisahani hakina nafasi ya samaki. Kiwandani maji yanadondokea kwenye mfereji wa sakafuni, yanakwenda zake.

Maji yenyewe

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko kwenye maua. Kikapu cha darini kinataka lita 2 kwa siku wakati wa kawaida na karibu 3 kaskazi ikikaza. Maji ya kisimani peke yake yamekatazwa. Ya mfereji yapo, lakini hayaji kila saa, na mama hakuwa tayari kuyagawa kati ya chungu cha wali na vinka, nami sikumlaumu.

Dari la bapa ni mtego wa mvua usiotumika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Dari la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linapitisha lita 800, pungufu kidogo kwa zinazorukia nje na za kusafishia vumbi mwanzoni. Watu wa kisiwa cha Pate wameishi kwa majabia, matangi ya kuhifadhi maji ya mvua, kwa hesabu hiyo vizazi na vizazi. Mama alikuwa na tangi la plastiki la lita 1,000 lililokaa tupu kwenye ngazi. Likaunganishwa na mfereji wa dari, likafunikwa wavu laini kwa ajili ya mbu. Vikapu viwili kwa lita 4 kwa siku vinalimaliza tangi hilo kwa siku 250. Likijaa mwisho wa masika mwezi wa sita, linafika kaskazi inakatika, hata kabla ya kuhesabu mvua za vuli.

Chanzo cha pili kilikuwa kikidondoka ukutani bila mtu kukijali. Chumba kimoja cha wageni kina kiyoyozi, na maji yanayotoka kwenye bomba lake ni unyevu wa hewa uliopoozwa ukageuka maji, hayana chumvi kabisa. Ndoo ikawekwa. Usiku mmoja wa joto na mgeni chumbani, asubuhi kuna maji ya kikapu.

Namna ya kumwagilia ikabadilika pia: mara moja, asubuhi, polepole, kwa awamu mbili, mpaka yatoke chini. Yakitoka ndiyo yameshuka na chumvi. Maji yakiwa haba kwa siku kadhaa na ikabidi kuchanganya ya kisimani, basi siku ya tangi ikifika kikapu kinaoshwa kwa ndoo nzima. Kwa kuwa maji yanayotoka huondoka pia na chakula, kila wiki kinapewa mbolea ya maji iliyozimuliwa sana. Watu huimimina kwa nguvu ya shambani, na mbolea nayo ni chumvi.

Kilichotokea

Tulipanda mwisho wa Machi, kaskazi imelegea na masika haijafika. Kufika Mei vinka za ubavuni zilikuwa zimeufunika waya. Mvua za Mei ziliozesha shina la vinka moja ya juu. Ugonjwa huo huja udongo ukikaa umelowa mfululizo, na kwa wiki hizo kikapu kilisogezwa chini ya makuti na hakikumwagiliwa. Nafasi yake ikajazwa na potulaka bila mtu kuipanda.

Kusi, upepo utokao kusini, ilipokaza Juni iliyachana maua ya upande wa bahari na kukizungusha kikapu mpaka kamba ikasokotana. Kamba ya pili ya pembeni ilifungwa kwenye nguzo kukizuia. Vidung'ata, wadudu wadogo wa kunyonya utomvu, walijitokeza kwenye mrehani, wakaondolewa kwa maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini. Utitiri mwekundu, ambao hupenda upepo mkavu, sijauona, lakini naungoja Januari.

Kikapu cha kiwandani kipo, ni kizuri, na hakuna mgeni anayekipiga picha.

Mbegu za vinka zimeanguka kwenye chungu cha asmini na kuota, mama amezihamishia kwenye mikebe, kwa hiyo zile za juu zikikomaa na kuwa na shina gumu kuna za kuziba nafasi. Tangi wanalipima kwa kijiti kila Ijumaa. Likifika Disemba chini ya nusu, kikapu cha darini kitashinda chini ya makuti kuanzia saa sita mchana, potulaka zitapunguzwa, na lita 3 zitarudi kuwa 2.